Usimuulize Mama Hali

Kaka yangu Bakari,

Assalaam aleikum. Wewe hujambo, na Wifi, na watoto? Mahindi yenu ya skimu yamepata maji? Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya Uingereza imenipasua midomo hata kucheka naogopa. Hali ya Mama sikuulizi, na utaona kwa nini. Barua hii nimempa mkononi mwenzangu anayekuja likizo, kwa sababu simu yako hapo Hola hupokewa na kila mtu. Isome peke yako.

Kazi yangu unaijua. Naenda majumbani kwa wazee, nawaogesha, nawalisha, nawapa dawa. Juzi tulitembelewa na mkaguzi. Huku kuna watu wa serikali wa kuchunguza kampuni kama yetu, wajue wazee wanatunzwa kweli au ni maneno tu. Meneja alipopata fununu, alitugawia glavu na aproni mpya, akatuambia tutabasamu. Nikasema moyoni, mchezo huu naujua: atakuja, atapewa chai, ataondoka.

Mkaguzi mwenyewe alikuwa mama mmoja mfupi, mpole. Tulikwenda naye kwa Bi Doris, ajuza aliyepooza upande wa kulia. Glavu zangu hata hakuzitazama. Aliniomba nitoke nje! Nilisimama mlangoni nimefura, Kaka. Ananishuku nini, mimi ninayemjua yule bibi kuliko wanawe? Nikatega sikio, nikachungulia. Hakumuuliza hali. Alimuuliza, "Kikombe chako cha maji kiko wapi? Hebu kichukue nione." Kisha akaomba ruhusa, akamvua soksi na kumtazama visigino, maana vidonda vya mtu wa kulala huanzia huko na kiunoni. Halafu akamuuliza ni nani humkasirikia.

Alipotoka nilimuuliza kwa nini alinitoa. Akanijibu kwamba mgonjwa hawezi kumsema anayemlisha naye amesimama pale pale. Hasira zikaniisha, lakini wasiwasi ukaniingia, na mpaka leo haujatoka.

Kila Ijumaa namwona Mama kwenye simu kutoka Idsowe. Zubeda, tuliyemwachia Mama amtunze, hushika simu, Mama amekaa kitako, amejifunga leso ya zambarau, ananiambia hajambo. Nami nilikuwa nikilala usingizi mzuri. Sasa natazama kwa macho mengine. Leso ni ile ile kila Ijumaa, na mikunjo ya dukani haijatoka. Leso ya kuvaliwa hubaki na mikunjo? Kikombe cha maji kiko kushoto kwake, na kushoto ndiko kiharusi kilikompiga. Nikimwambia Zubeda anionyeshe miguu ya Mama, mtandao unakatika. Uso unaonekana vizuri, miguu haionekani. Mtandao gani huo?

Najua ni shemeji yako, na nyumba yako haitakalika nikimsingizia mdogo wa mkeo. Labda namwonea. Yeye yuko peke yake na mgonjwa mzito, nasi tuko mbali. Lakini hebu fikiri. Kila ukitaka kwenda Idsowe, Wifi anampigia dadake kwanza ili upikiwe samaki. Ndio uungwana wetu, mgeni hatokei ghafla. Basi unafika, nyumba imefagiwa, Mama ameogeshwa, unakula, unarudi Hola umeridhika. Kaka, umekwenda mara nyingi, lakini hujawahi kumkuta Mama katika siku yake ya kawaida.

Ijumaa iliyopita Zubeda aliiegemeza simu kwenye sufuria akatoka kuitikia jirani. Mama, ambaye nimekuwa nikimsimulia habari za Bi Doris, akatazama mlango, kisha akanitazama mimi.

"Huyo bibi wako mzungu," akasema kwa sauti ya chini, "ukimuuliza hali akwambiaje?"

"Aniambia hajambo, Mama."

"Ehe. Na mimi ndivyo niwaambiavyo."

Kabla sijasema kitu Zubeda akarudi, na Mama akapaza sauti, "Twashukuru Mungu mwanangu, huku sote hatujambo!"

Nililia, Kaka. Nililia nikiwa na sare ya kumtunzia mama wa mtu mwingine.

Nenda siku yoyote asubuhi. Usimwambie Wifi. Panda gari hadi Garsen, chukua boda, na ukifika usipige hodi ukasubiri uani; wewe ni mwanawe, ingia. Mtume Zubeda dukani. Mwambie Mama achukue kikombe, mfunue visigino, muulize jana alikula nini na nani alimwogesha. Ukikuta mambo ni mazuri, nitampigia Zubeda simu mwenyewe nimwombe radhi, na Wifi pia, hata wakinitukana. Nitafurahi kutukanwa.

Nisalimie watoto wote. Msalimie shangazi yetu wa Kinakomba, umwambie dua zake nazihitaji. Wifi mpe salamu zangu kama kawaida, asishtuke. Salamu za Mama usizitoe kwanza. Mpe ukishamwona miguu.

Ni mimi dada yako,
Habiba