Bwawa Lisilopoa

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Natumaini wewe, wifi yangu na watoto hamjambo, na kwamba kikohozi cha kitindamimba kimekwisha. Mimi sijambo, magoti yananung'unika, lakini bado yananifikisha kazini. Habari za mama nitazieleza mahali pake, nawe usiruke mistari kuzitafuta.

Barua yako ilisema kwamba visima virefu vya huko juu mlimani vimekamilika, na kwamba wewe ndiye mkuu wa pampu zote zinazopeleka maji kwenye mahoteli mapya. Tulifurahi. Mama alimtangazia kila jirani, hata wale asiosalimiana nao.

Unajua jinsi bwawa letu la maji moto linavyofanya kazi, kwa kuwa ulikulia humo. Maji yapandayo kutoka tumboni mwa mlima yana moto wa kutosha kunyonyolea kuku. Kinachotuwezesha kuoga ni maji baridi ya mvua, ambayo huzama ardhini na kukutana nayo njiani. Hayo ya baridi ndiyo mnayoyavuta ninyi.

Mwanzoni hakuna aliyelalamika. Wateja walisema dawa imekolea. Yule dereva mstaafu tunayemwita Bwana Shingo aliweza kugeuza kichwa bila kugeuka mwili mzima, akatangaza kwamba safari ijayo atakuja na majani ya chai na sukari, sisi tulete vikombe tu. Mkandaji wetu akamjibu kuwa kwa tumbo lile tutapata supu, siyo chai. Tulicheka sote. Meneja akapandisha kiingilio, akabandika tangazo kwamba maji yetu sasa yana nguvu maradufu.

Kisha kisima kidogo cha uani, ambacho maji yake hupoza bwawa, kikaanza kutoa tope. Baadaye tope lenyewe likawa vuguvugu. Katika chumba cha kubadilishia nguo hakuna tena anayekanyaga sakafu bila viatu, na maua ya kando ya ukuta yamekauka kuanzia mizizini. Nilimweleza meneja. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayembembeleza bibi yake, kwamba watu hulipa nauli ya ndege kuufuata moto huo, nami nisiwe bundi wa kumlilia juu ya paa.

Sasa habari za mama. Ijumaa iliyopita alikuja kuoga kama ilivyo desturi yake. Mimi nilikuwa ofisini nikibishana na meneja kuhusu maji yale yale. Mama aliketi ukingoni, akatumbukiza miguu, akaanza kupiga soga na mkandaji. Unafahamu kwamba kisukari kimeitia ganzi miguu yake. Alisema maji yako sawasawa, na akasimulia harusi nzima ya binti wa jirani. Mkandaji aliona kitu cheupe kikielea, akadhani ni kitambaa, akainama kukiokota. Ilikuwa ngozi.

Mama amelazwa. Daktari ametuambia kwamba angefarijika kama mgonjwa angelia kwa maumivu. Mguu wa kushoto huenda ukakatwa. Mama hajaambiwa hilo, wala hajui kwamba maji baridi yaliyokuwa yakimlinda yanapita katika pampu za mwanawe. Picha yako, ile uliyopigwa kando ya kisima, ameiweka chini ya mto, na kila muuguzi anayeingia zamu huonyeshwa.

Bwawa nimelifunga kwa kufuli langu. Meneja ameapa kulikata kufuli hilo kesho kutwa, kwa kuwa wageni wameshalipia. Mimi ni mzee. Kufuli nitafunga, chemchemi siwezi kuiziba. Wewe unaweza kuzima pampu. Utasema utafukuzwa kazi, na inawezekana. Uliandika pia kwamba kuna kisima kingine mtakachokifungua karibuni. Usikifungue. Sikuombi, nakuagiza, mimi niliyekubeba mgongoni kabla hujajua kutembea. Hata ukizima leo, sijui mlima utachukua muda gani kutusamehe.

Msalimie wifi. Watoto wasije likizo hii, na wakiuliza sababu, waambie ukweli.

Mama anakusalimu sana. Amesisitiza nikuandikie usiwe na wasiwasi wowote juu yake, kwani miguu haimuumi hata kidogo.

Ndimi dada yako mkubwa,
Msimamizi wa bwawa