Aproni Nyekundu ya Mbweha

Kijijini, 9 Novemba 1937

Mjukuu wangu Crucita,

Hujambo? Kifua chako je? Mimi mzima, isipokuwa goti, nalo tumeshazoeana. Mahindi ya buluu yamekauka darini, pilipili pia. Anayeandika ni Tonita, mke wa mjomba wako. Nimemwambia akipunguza neno langu, nitampunguzia mkate.

Sasa sikia. Mwenye duka ameleta kitabu cha hadithi zetu, kimeandikwa na huyo profesa unayempikia huko Santa Fe. Kinasema alizikusanya Agosti mwaka jana. Agosti! Nyoka wako macho, masikio wazi, na mtu anasimulia habari za Mbweha! Hata mtoto wa kunyonya anajua hadithi husubiri baridi.

Wazee wanamtuhumu Santana, jirani yetu mwenye macho mabovu, kwa kuwa alimpelekea profesa kuni kiangazi kile chote. Amekana, wakamcheka. Wanakaa tena tarehe nane mwezi ujao. Asipokiri, hatashuka tena katika chumba kitakatifu cha chini ya ardhi wanaume wanapojiandaa kwa ngoma. Ameshuka mle tangu ana miaka kumi na miwili. Sasa hata kula hali.

Wewe huko unapika tu, sivyo?

Bibi yako,
Reyes


Santa Fe, 16 Novemba

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Kifua changu kimepoa, pole na goti. Nimesikitika kwa Mzee Santana. Mimi napika na kufua tu. Watu wengi hupita hapa kwa profesa, huenda ni mtu wa kijiji kingine. Yeye husema hadithi ikiandikwa haifi. Nimekutumia kahawa, na Tonita kitambaa.

Mjukuu wako,
Crucita


Kijijini, 22 Novemba

Crucita,

Shikamoo yako imefika. Marahaba ingoje kwanza. Kahawa ni nzuri, lakini kahawa haijibu swali.

Nimemfanya Tonita anisomee kitabu chote. Akafika pale: "Mbweha akatoka, amevaa aproni nyekundu." Nikamwambia, rudia. Nikacheka mpaka goti likalia. Halafu kicheko kikakatika.

Mwanangu, kijiji hiki kizima Mbweha hutembea uchi. Kwa bibi yangu alikuwa uchi, kwa bibi yake pia. Ulikuwa na miaka sita, surua imekufumba macho, ukaniuliza, "Bibi, Mbweha amevaa nini na baridi yote hii?" Nikatazama ukutani, aproni ya mama yako inaning'inia. Nikamvisha. Tulikuwa wawili tu chumbani, na huyo profesa hakuwa chini ya kitanda.

Sijamwambia mtu. Tonita ameapa. Umempa nini kingine?

Bibi yako


Kijijini, 1 Desemba

Crucita,

U mzima? Posta imepita mara mbili, Tonita amesimama njiani kama nguzo.

Jana Santana alikuja kuomba chumvi. Nikampa na mkate. Akasema, "Dada Reyes, wewe peke yako hunitazami kama mwizi." Nikainama kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Nimenyamaza kwa ajili yako. Lakini sitamzika mtu akiwa hai. Usiposema wewe, nitasema mimi.

Bibi


Santa Fe, 4 Desemba

Bibi,

Shikamoo. Ni mimi.

Profesa alinikuta jikoni nalia, akauliza kulikoni. Nilikuwa nimekukumbuka. Nikamsimulia ya Mbweha ili nisikie sauti yako kinywani mwangu. Nilijua ni Agosti. Nikaona anaandika, na bado sikunyamaza. Sijawahi kusikilizwa vile, Bibi. Akataka nyingine, nikampa zote tisa, zile za wakati wa surua. Sina nyingine. Mwaka uliofuata walinipeleka shule ya bweni, na kule tukitamka lugha yetu tulisuguliwa mdomo kwa sabuni.

Barua hii isomwe mbele ya wazee. Najua sitarudi tena nyumbani.

Crucita


Kijijini, 9 Desemba

Mjukuu wangu,

Goti limepona, au limesahau kuuma. Jana Tonita alisoma barua yako mbele yao wote. Santana kainamisha kichwa. Gavana wa kijiji, fimbo yake ya cheo mkononi, akaguna: "Kwa hiyo binti ameuza hadithi zetu."

Nikasimama. "Zenu wapi! Hizo tisa nimezitunga mimi, siku tisa, mtoto asijikune! Nani hapa amewahi kumwona Mbweha na aproni?"

Santana akainua kichwa: "Kumbe nusura nifungiwe mlango kwa sababu ya aproni!" Akacheka hadi kicheko chake kikawabeba wote. Leo alfajiri ameshuka na wenzake.

Lakini Agosti ni Agosti. Wamesema ukija utateka maji siku nne, huku kila mwanamke akikukaripia. Wa kwanza ni mimi. Cha kijiji hukugusa. Ulichomgawia mgeni ni siku zetu tisa, mimi na wewe, na hiyo imeniuma kuliko goti.

Na wewe bado sijakuamini. Nitakupekua mlangoni: kalamu, karatasi, hadi ndani ya nywele. Ukishapekuliwa, kaa karibu na moto. Nyoka wamelala, theluji imeshika paa, na hujui hata hadithi moja ya kweli. Hilo ni deni la ile shule, ila nitalilipa mimi, kuanzia na Mbweha akiwa uchi.

Aproni iko ukutani. Njoo uivae wewe.

Marahaba.

Bibi yako,
Reyes