Joto Kwenye Mkunjo

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, habari za shule, na shemeji amesharudi na lori lake au bado yuko barabarani? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaniingia mpaka kwenye meno.

Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye foleni ya chakula kazini. Nilipiga ukelele mpaka aliyekuwa mbele yangu akamwaga supu. Mimba ya miezi minne, na hukunidokezea hata kidogo! Naelewa kwa nini. Baada ya zile mbili zilizoharibika hata mimi ningefunga mdomo. Lakini sasa umeshasema, niache nifurahi, na kama unaogopa tuogope wote.

Umeniuliza tena kazi yangu ni nini, maana walimu wenzako wakikuuliza unawaambia "anachezea kompyuta". Dada, utanivunjia heshima. Sikiliza. Tunatengeneza kifuko cha kuwatia joto watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati, umeme ukikatika. Ndani yake kuna nta. Ukiipasha inayeyuka, kisha inapoanza kuganda inatoa joto la kadiri ileile kwa saa kadhaa, kama la kifua cha mama. Mimi nakijaribu ndani ya kompyuta kabla hakijamgusa mtoto. Programu inakigawa vipande vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, na kila kipande kinamwuliza jirani: una joto kiasi gani, nikupe au unipe? Shida ni kwamba nta ikiyeyuka inabadilika tabia. Ukishapata jibu, jibu lenyewe limelibadilisha swali. Basi kompyuta inakadiria, inajisahihisha, inakadiria tena, mpaka vipande vyote vikubaliane. Kuna siku havikubaliani kabisa, utadhani kikao cha ukoo cha kugawana shamba.

Kula vizuri. Acha kubeba madaftari ya darasa zima, wapo watoto wa kubeba.

Mjomba mtarajiwa


17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Shemeji yako alirudi juzi, akaweka sikio tumboni kwangu akasema anasikia injini. Nikamwambia hiyo ni njaa.

Kazi yako sasa nimeielewa, na darasa la pili pia limeielewa. Niliwasimamisha mstari mmoja, nikampa wa mwisho chupa ya maji ya moto aipitishe kwa mwenzake, na kila mmoja aseme amesikia joto kiasi gani. Wa kwanza mstarini alipoipata alilia kwamba wenzake wamemmalizia joto lote. Kwa hiyo mwambie mkuu wako ana wasaidizi huku.

Usiku sipati usingizi mzuri. Nalala chali najisikiliza. Akicheza naogopa, akitulia naogopa zaidi. Daktari amesema kila kitu kiko sawa, lakini hata zile mara mbili walisema hivyohivyo. Hayo simwambii mtu ila wewe. Kwenye simu ungenikatiza uanze kunituliza, ndiyo maana nimeandika.

Dada yako


28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwamba miguu imeacha kuvimba. Mimi niko salama, nimechoka tu.

Tumepata kikwazo. Modeli, yaani ule mfano wa kwenye kompyuta, inaonyesha kwamba kifuko kikimkumbatia mtoto, kuna mkunjo unaotokea nyuma, usawa wa mgongo. Pale nta ni nyembamba. Inayeyuka yote mapema, na ikishayeyuka haina tena uwezo wa kumeza joto, basi joto linapanda tu na halina pa kutokea. Kwenye skrini panawaka rangi nyekundu. Mtu mzima angesikia moto kidogo akajigeuza. Njiti hawezi kujigeuza, na ngozi yake ni kama karatasi ya kitunguu.

Vifuko vya kwanza vya majaribio vimeshashonwa, viko kabatini nyuma ya kiti changu. Vinapendeza kweli. Hatuwezi kumpa mtu mpaka tupange upya nta kwenye ule mkunjo. Mkuu wangu anasema tukifanya haraka, labda mwakani.

Umefikia jina gani? Usimpe la shangazi wa baba, nakuomba, yule mama alikuwa na mkono mwepesi wa kunipiga makofi.

Mjomba


1 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini wewe ni mzima. Naandika nimelala, nisamehe makosa.

Amezaliwa. Msichana. Amekuja kabla ya wakati, wamenipasua jana asubuhi. Hajafika hata kilo moja na nusu. Uso ameukunja kama ajuza aliyepunjwa sokoni, na manesi wameshampa jina la utani, Bibi. Anakushika kidole, hakuachii.

Wodi ina mashine ya joto moja inayofanya kazi na watoto watatu wamelazwa humo pamoja. Umeme unakatika kila siku. Ukikatika nesi anawafunika mablanketi, anasimama pale anatazama dari. Jana Bibi alikuwa wa buluu midomoni.

Ulisema vifuko viko kabatini nyuma ya kiti chako. Nitumie kimoja. Nesi mkubwa amekubali kukitumia, nimemweleza kila kitu. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Hiki nakuomba.

Dada


2 Juni

Dada yangu,

Hongera, na pole kwa kisu. Tangu nisome barua pepe yako sijui nimekaa au nimesimama.

Nimemwingiza Bibi kwenye modeli. Nimeweka uzito wake, nimeweka ubaridi wa wodi kama ulivyonieleza kwenye simu, nimeendesha upya. Nikabadilisha blanketi, nikaendesha tena. Nikapunguza muda wa kukipasha, nikaendesha tena. Kila nikimaliza, pale mgongoni pake ni pekundu. Dada, kile kifuko kitamuunguza. Siwezi kukituma.

Mwambie nesi amweke kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, mfungwe kwa kanga. Joto lako linajirekebisha lenyewe, hakuna mashine inayoliweza hilo. Kama wewe kidonda hakikuruhusu, shemeji avue shati amweke yeye. Usicheke, inafanya kazi. Usimtoe hata kidogo.

Nimeomba ruhusa ya kuja. Karatasi zangu za ukaazi bado ziko ofisi ya uhamiaji, nikitoka sasa huenda wasinirudishe. Nafuatilia.

Mdogo wako


4 Juni

Nimepata homa, kidonda kimeingia uchafu, wamenikataza kumshika. Shemeji yako amekaa kwenye kiti cha plastiki shati wazi, mtoto kifuani, jitu zima la lori linaogopa hata kukohoa. Lakini hii ni wodi ya wanawake. Jua likizama wanamtoa shemeji yako nje, kila siku, hata akilia, na jana alilia. Kuanzia hapo mpaka asubuhi ni blanketi.

Unaniambia kitamuunguza. Baridi nayo itamfanya nini? Hilo kompyuta yako imelipigia hesabu?

Nilikuomba wewe kama ndugu yangu. Umenijibu kama injinia.

Usinipigie.


7 Juni

Dada,

Hunijibu, na una haki. Nakuandikia hivyohivyo.

Nimekituma. Leo mchana nilifungua kabati, nikatia kifuko kimoja ndani ya koti, nikatoka nacho mlangoni nikimuaga mlinzi kama kawaida. Nimelipia njia ya haraka kuliko zote. Sikumwomba mkuu ruhusa kwa sababu angekataa, na angekuwa sahihi.

Sikiliza, na umsomee nesi. Nta ikishakuwa laini yote, kiondoeni kwenye kipasho mara moja. Kiacheni kipoe kwanza. Pale kwenye mkunjo, upande wenye mshono mweupe, wekeni taulo lililokunjwa. Kila baada ya muda mfupi mgeuzeni mtoto mtazame mgongo. Ukiona pekundu mtoeni. Kwa taulo modeli inaonyesha afadhali, haionyeshi salama. Nakwambia ukweli wote ili uamue mwenyewe.

Nimeshindwa kukaa mbele ya ile skrini nikiangalia mgongo wake.

Mdogo wako


13 Juni

Dada yangu,

Sijui nianzeje. Shemeji amenipigia. Alisema "Bibi ametuacha", kisha tukabaki tunasikilizana tunavyohema mpaka salio lake likaisha.

Pole. Pole, dada yangu. Hili neno nimeliandika na kulifuta, sina jingine.

Kifurushi kinaonyesha kimekwama forodhani. Kikifika, kitupe.

Kazini nimemwambia mkuu nilichofanya. Hakunifokea. Ameniondoa kwenye kazi ile, nimepewa ya kupiga hesabu za joto kwenye mabomba ya kiwanda. Mabomba hayana mgongo. Nakaa na mabomba yangu.

Ruhusa ya kusafiri imekuja jana. Niambie kama nije. Neno moja tu linatosha.

Mdogo wako


2 Julai

Dada,

Shikamoo. Unaendeleaje na kidonda? Homa imeisha? Shemeji anasema unakula kidogo na huongei. Anasema umemwambia nisije kwanza. Nimekubali, ingawa begi bado liko mlangoni.

Sitaki unijibu kuhusu chochote. Nataka tu kujua kama asubuhi unaamka.

Mdogo wako


19 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Naamka. Kidonda kimefunga. Shule nimerudi, wamenipa darasa jingine, na watoto wameonywa wasiniulize. Basi wananitazama tumbo.

Kifurushi chako kilifika baada ya mazishi. Sikukitupa. Nilikipeleka wodini, kwa sababu kulikuwa na mtoto mwingine pale, wa kiume, mdogo kuliko Bibi, na mama yake ni msichana tu, alikuwa analia vilevile nilivyolia mimi. Nesi mkubwa alifurahi mno, akataka kukipasha papo hapo. Yule msichana akanishika mkono akasema, "Asante, mama." Nikawaambia ngojeni.

Tulikipasha kama ulivyoandika. Nikakikunja kwenye mkono wangu, huku ndani, usawa wa kiwiko, ule mkunjo wenye mshono mweupe ukakaa kwenye ngozi. Mwanzo kilikuwa kizuri, mdogo wangu. Kilikuwa na joto zuri sana, nikajikuta nimefumba macho nimekipakata. Kisha kikaanza kuwasha. Nikakiacha makusudi, nijue. Nilipokitoa ngozi ilikuwa imeshafanya lengelenge. Yule msichana alikitazama kifuko, akautazama mkono wangu. Akaenda kumfunga mwanawe kifuani.

Kwa hiyo ulisema kweli mara ya kwanza. Kingemuunguza. Na bado ukanitumia, kwa sababu nilikuumiza kwa maneno. Hayo mawili nayageuza kichwani kila siku na siyawezi. Ungekituma mara ile ya kwanza, labda ningemuua mwanangu kwa mkono wangu huku nashukuru. Labda angepona, na alama mgongoni tu. Daktari anasema yalikuwa mapafu, joto lisingesaidia. Manesi wanasema ni baridi. Kila mtu ana jibu lake na hakuna anayeweza kurudi nyuma akapime.

Sikuchukii. Nataka ulijue hilo kabla ya yote. Yale niliyokuandikia yalikuwa ya kweli siku ile na si ya kweli leo. Ila usije, na usinipigie. Sauti yako nikiisikia nitakuuliza tena lile swali la baridi, wewe utaanza kupiga hesabu, na sote wawili tutaisha. Mkuu wako mwambie nimekuomba urudi kwenye kazi ya vifuko. Mabomba watampata mtu mwingine.

Jambo la mwisho, halafu nitanyamaza kwa muda, na wewe uniache ninyamaze. Maziwa yalikataa kukauka. Nesi alinipa vidonge, nikavimeza, wapi. Nikawa nakamua nampelekea yule wa kiume, mama yake hakuwa na maziwa ya kutosha. Kila asubuhi kabla ya shule napita wodini na kikombe changu chenye kifuniko, nakipitisha dirishani, sichunguli ndani. Leo nimechungulia, kitanda kitupu, shuka zimekunjwa. Nikajua. Lakini nesi akatoka mbio akacheka, akasema ameongezeka uzito, wameruhusiwa, wamekwenda nyumbani.

Nilisimama pale na kikombe. Kilikuwa bado kina joto.

Dada yako