Kadi ya Kasereka

Butembo, 4 Machi 2001

Kwako Yaya Joyeuse,

Nakusalimu wewe, shemeji na batoto. Homa ya mdogo imeshuka? Huku tuko wazima. Tunalala tumevaa viatu kwa sababu ya vita, lakini wazima.

Zile kompyuta tatu ambazo bosi wangu alitaka kutupa sasa ziko nyumbani kwangu, Vulamba. Nimeziwekea Linux, mfumo usiofungiwa na mwenyewe: unanakili sidii, unampa mwenzako, hakuna kosa. Nataka zitumie printa moja, vijana wa mtaa wajifunze kuandika. Kasereka, seremala jirani yangu, amezitengenezea meza ndefu.

Kila mashine lazima iwe na jina. Nimezipa kwa zamu ya kuzaliwa, kama tunavyowapa watoto wetu wa kiume: Nzanzu, Kambale, Kasereka. Seremala alifurahi. "Sasa niko na ndugu ya chuma," alisema, akaipangusa ile ya tatu vumbi kwa shati lake.

Nikiandika ping na jina, ni kama kubisha hodi. Mashine ikiwa imeunganishwa, inajibu. Nzanzu akimwita Kambale, Kambale anajibu. Kasereka peke yake ni bubu, maana hana kadi ya kuchomekea waya, ile carte ya réseau, mtandao wa mashine. Fundi Phinées wa redio, hapo Beni, anazo. Nitumie moja kwa Issaka dereva, akija na kamyo yake ya mizigo. Asiiweke karibu na mafuta, tafadhali.

Mdogo wako,
Delphin

Beni, 9 Machi 2001

Mdogo wangu Delphin,

Salamu zako zimefika. Homa imekwisha, sasa mtoto anakula kutushinda sote. Juzi wamechoma nyumba nne nyuma ya kwetu. Sisi hatukuguswa.

Barua hii inatangulia kwa mtu wa pikipiki. Kadi itakuja Jumatatu na Issaka. Aliniuliza mara mbili ni kitu gani. Nikamwambia, "Ni carte ya Kasereka, ya kuingia mu réseau." Muislamu mzima, akarudia maneno yangu, na majina yote matatu, kama mtoto wa katekisimu, hadi Aisha mke wake akashika mbavu kwa kucheka.

Lakini wewe na majina yako. Mama angekuwa hai angekuuliza mbona katika uzao wako hakuna hata msichana mmoja.

Yaya wako,
Joyeuse

Butembo, 14 Machi 2001

Yaya,

Nakusalimu. Natumaini barua hii inakukuta umekaa. Usimsomee Aisha kabla hujamwita ndani.

Wamemkamata Issaka kwenye bariera ya wanajeshi barabarani. Mama mmoja muuza makayabu, samaki wale wa chumvi, aliyekuwa juu ya mizigo, ndiye aliyenieleza. Wanajeshi walipekua kamyo wakapata kadi.

"Hii ni nini?"

"Carte ya Kasereka."

"Carte ya nini?"

"Ya kuingia mu réseau."

Wakamshusha. Wakamuuliza réseau hiyo iko na batu wangapi. Akasema, "Batatu, chef. Nzanzu, Kambale na Kasereka. Mukubwa wao ni Delphin." Idi, kijana wake wa mizigo, alijua ni mashine, akacheka. Walimpiga risasi ya mdomo huku akiwa bado anacheka. Issaka walimvunja mkono kwa kitako cha bunduki, kisha kadi wakaisaga chini ya kiatu. Wanasema ni réseau ya wapelelezi wa Mai-Mai, wale wapiganaji wa msituni.

Sasa wanazunguka mitaani wakiuliza majina hayo. Yaya, ni nyumba gani ya Butembo haina Kambale? Jana huko chini wamemtoa mmoja chooni na kumpiga mpaka akapoteza jicho.

Kesho nitazipeleka mashine kambini kwao kwa kusukuma chukudu ya mbao. Nitawaonyesha kwamba hayo majina si ya watu. Nisipokwenda watamuua Issaka, kisha watafika hapa. Seremala alitaka kunisindikiza. Nimemwambia akae nyumbani, kwa ajili ya jina lake. Naogopa. Uniombee.

Mdogo wako,
Delphin

Beni, 21 Machi 2001

Mdogo wangu,

Sijui nikuulize hali kwa maneno gani. Kama unasoma, basi u hai.

Issaka amefika. Mkono wake umeoza hadi kwenye kiwiko, daktari anasema utakatwa. Ameniambia yote: jinsi walivyowasha jenereta ya kambi, jinsi Nzanzu alivyomwita Kambale na Kambale akajibu, na wanajeshi wakapiga makofi kama kwenye sinema. Kisha komanda akasema, "Sasa Kasereka." Ukaandika. Kimya. Ukamweleza kwamba Kasereka hana kadi, kwamba kadi ni ile waliyoivunja. Naye akasema, "Babili ni mashine. Donc wa tatu ni mutu." Wakakuburuta wewe, Issaka wakamfukuza kwa mateke.

Fundi Phinées amenipa kadi nyingine, ya mwisho aliyonayo. Abbé Ananie, padre wetu, ataileta pamoja na barua hii, ataomba kukuona. Nimemkataza kusema carte. Nimemkataza kusema réseau. Aseme ni kipande cha mashine, basi.

Nimekosa mimi, kwa mdomo wangu. Jibu, Delphin. Hata neno moja.

Yaya wako,
Joyeuse

Butembo, 2 Aprili 2001

Yaya Joyeuse,

Niko. Nakusalimu, na Aisha, na Issaka. Nimechelewa kuandika kwa sababu kucha za mkono wa kulia hazijaota.

Abbé alifika na kadi. Walinifungua, nikaichomeka mbele yao, damu ikichuruzika kwenye waya. Nikaandika jina. Kasereka akajibu, mstari baada ya mstari. Komanda alitazama sana. Kisha akamgeukia msaidizi wake.

"Na ule mutu wa jana?"

"Na yeye alikuwa Kasereka, chef."

Wakaniambia nichukue vyuma vyangu niende.

Alikuwa seremala, jirani yangu. Walimtoa kwenye karakana yake, wakamuuliza kama anajua réseau ya Delphin. Akasema ndiyo, meza ni yake. Wakamkata kwa panga lake mwenyewe, mlangoni, watoto wakiona. Nilimkuta amekwisha kuzikwa. Mashine nilizirudisha kwenye ile meza, sikuwa na mahali pengine.

Majina niliyafuta siku hiyo hiyo, nikaandika moja, mbili, tatu. Nilidhani ndiyo heshima. Jana mjane wake, Mama Falonne, alikuja, akakaa kwenye benchi bila kunilaumu, jambo lililonitisha kuliko kambi. Akasema, "Walisema kuna mashine yenye jina lake. Ni kweli inaitika?"

Nikamwambia nimelifuta.

"Lirudishe."

Nililirudisha, kidole kimoja kimoja, yeye akingoja. Nikaandika ping, nikaandika Kasereka. Ikajibu. Nikasimamisha, nikadhani imetosha.

"Ita tena," akasema.

Mdogo wako,
Delphin