Faili Langu Alilolisoma Wifi

Mwenzangu, acha unachofanya usome hapa.

Nimetoka kliniki ya ushauri nasaha sasa hivi. Nilikwenda kuomba nakala ya faili langu. LANGU.

Yule dada wa mapokezi akanijibu kwa sauti ya mnadani, benchi zima likageuka: "Faili ni siri ya mgonjwa, hatumpi mtu."

Nikamwambia mgonjwa mwenyewe ndiye mimi.

"Hata kama, dada. Siri ni siri."

Hata kama! Nikampongeza kwa uaminifu wake.

Basi akaniongezea, kwa upole kabisa: "Kwani wifi yako hakukwambia yaliyomo? Alikuja juzi, akalisoma lote hapa hapa. Maskini, alilia!"

WIFI. Huyo huyo mwenye mdomo usio na kufuli. Kumbe ndiyo maana jana mama mkwe alinishika mkono akaniambia nijikaze!

Faili lenyewe lilikuwa pale mezani kwake, nikalinyakua. Unajua mshauri wangu kaandika nini ukurasa wa mwisho?

"Ana wasiwasi usio na msingi kwamba watu wanajua mambo yake."