Malimi Hakuuawa na Dadu

Windhoek, Jumatano

Mdogo wangu Shija,

Kosa wanalofanya watu wengi katika mchezo wetu ni kudhani kwamba dadu ndiyo inayoua. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, na kwa kuwa tumelelewa na mama mmoja, pima mwenyewe hasira niliyo nayo.

Marahaba. Natumaini kifua chako kimepona na paa la jiko hapo Pasiansi halivuji tena. Mimi ni mzima, ila ukavu wa huku unanipasua midomo, na samaki wanaouzwa wamegandishwa kama matofali. Likizo niliyoomba imekataliwa hadi wanafunzi wangu wamalize mitihani. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ningekufokea, nawe ungesingizia mtandao.

Wifi amenieleza yote. Usimgombeze. Nilimuuliza mimi, baada ya baba kukataa kuongea nami Jumapili mbili mfululizo.

Nakukumbusha jinsi mchezo ulivyoingia nyumbani. Nilipokuja mwaka juzi baba alikuwa amekatwa mguu kwa sababu ya sukari, analala ameelekea ukutani. Nikawafundisha nilichojifunza kwa walimu wenzangu huku: mmoja anasimulia safari, na kila mmoja wa wengine anabuni mtu wake, anamwandika kwenye karatasi, anamsemea na kumwamulia. Penye hatari mnarusha dadu. Baba akamwandika Malimi, mchungaji anayeswaga ng'ombe wake kwa miguu kutoka Magu. Kwa miguu, Shija. Jumapili ya tatu ya mchezo akaomba yale magongo yaliyokuwa yakishika vumbi nyuma ya mlango. Kabla sijaondoka alikuwa anafika getini na kurudi, anatweta, anasema, "Malimi katembea siku tatu, mimi nishindwe na uwanja?"

Sasa tazama ulichofanya. Malimi amefika mto Simiyu, umejaa. Baba akarusha dadu, ikaangukia moja. Wifi anasema ulipiga makofi.

"Kwisha habari yako, mzee! Mto umekubeba."

"Ngoja," baba akasema. "Nashika mkia wa ng'ombe."

"Dadu imeshasema, baba. Maiti haongei."

Na huyo jirani yako Elias, fundi cherehani, akaona amepata nafasi ya kuchekesha: "Mzee, usinune, tunakurithi! Mimi nachukua wale wenye maziwa." Mkagawana ng'ombe wa Malimi palepale, baba amekaa anawatazama. Ukaigeuza karatasi yake, ukaandika nyuma nani kamchukua yupi.

Ngoja nikueleze taratibu. Dadu inasema namba tu. Moja maana yake mambo yameharibika. Yameharibika vipi, hilo hutoka kinywani mwa msimulizi, na msimulizi ulikuwa wewe. Ungeweza kumpotezea ndama, au fimbo, au siku nzima ya safari. Na hata kama hakukuwa na budi afe, neno la mwisho ni la mwenye mtu. Mwaka jana mtu wangu mimi, bibi mmoja mpiga ramli niliyekaa naye miezi minane, aliumwa na nyoka. Msimulizi wetu, mwalimu ninayeweza kumzaa, alitia dadu mfukoni, akanimiminia chai, akauliza, "Mama, ungependa aondokeje?" Nikaeleza. Nikalia mbele ya watu wazima, na hakuna aliyecheka. Walijua miezi ile minane nilimtilia bibi yule mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Tena ulichokataa kukisikia ndicho ulichopaswa kukisikia. Baba alivuka Simiyu iliyofurika akiwa kijana, ameshika mkia wa ng'ombe. Kisa hicho nilikisikia kabla hujazaliwa. Wewe, unayevuka mto huo ndani ya basi umelala, ndiye wa kumwambia maiti haongei? Na katika ukoo wetu nani aliyewahi kugawa ng'ombe wa marehemu kabla watu hawajatawanyika msibani? Hata mchezoni ungeona haya. Sasa baba kageukia ukuta tena, na magongo yamerudi nyuma ya mlango.

Usiniambie ni karatasi. Karatasi hiyo ilimfikisha getini, wakati mimi na wewe na daktari tulishindwa.

Sikuagizi umfufue Malimi kwa hila. Baba si mtoto, atajua unambembeleza, na hapo utakuwa umemdharau mara ya pili. Huenda yeye mwenyewe atasema alizama. Hilo ni lake kusema.

Nisalimie wifi, umwambie hakukosea kunieleza. Msalimie shangazi wa Mkolani anayemletea baba uji, nimepata salamu zake. Elias naye msalimie, na umwambie ng'ombe warudi zizini wote, hata wenye maziwa.

Leo hii, ukimaliza kusoma, chukua karatasi ya Malimi, futa ulichoandika nyuma yake, kaa kitandani kwa baba, mrudishie mkononi, umuulize alishika mkia wa ng'ombe yupi. Kisha nyamaza umsikilize.

Dada yako,
Tabitha