Bastola Uliyoiacha na Masizi

Baba,

Shikamoo. Nimekaa varandani hapa nyumbani Changamwe, kwenye ile meza yako. Mama yuko upande wa pili anachagua mchele. Leo sina zamu hotelini. Zamani siku kama hii ningefika kutoka Shanzu nikukute umeshatandika gazeti kuukuu juu ya meza, bastola umeifungua vipande vipande, risasi umezifungia chumbani, na kabla sijatua mkoba unaniambia, "Wakesho mwanangu, nikatie kitambaa."

Vitambaa nilikuwa nakuletea mimi. Ni mashuka ya hoteli yaliyochakaa, yale tunayoruhusiwa kuchukua. Ulisema hakuna pamba inayofuta chuma kama ile. Bado yamo kwenye droo, nimeyaona leo.

Sijui baba wengine huongea na binti zao wakati gani. Wewe uliongea ukisafisha bastola. Mikono ikishapata kazi, maneno yalikuja yenyewe. Hapo ndipo uliponisimulia wezi walivyokufunga kamba ndani ya duka lako la matairi, na jinsi ulivyohangaika baadaye kutafuta cheti cha kumiliki silaha. Hapo ndipo uliponiuliza habari za ndoa yangu ilipovunjika, ukiwa umeinama unasugua mtutu, ili nisilazimike kukutazama usoni.

Na utaratibu wako niliujua kama ninavyojua kutandika kitanda. Ukitoka uwanja wa shabaha, unasafisha siku hiyo hiyo. Ndugu yangu Righa alikuuliza mara moja, "Baba, umepiga risasi tano tu, si usubiri mwisho wa mwezi?" Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Hata ingekuwa moja." Kesho yake unaifungua tena, na kesho kutwa pia, kwa sababu masizi ya baruti yaliyojificha ndani ya mtutu hutoka polepole. Na hata isipopigwa, kila baada ya wiki mbili lazima uifute, maana hewa yetu ina chumvi na chuma hakichelewi kushika kutu. Mafuta kidogo tu. Yakizidi, ulisema, yananasa vumbi lote la malori ya Changamwe.

Ndiyo maana nilishtuka, Baba.

Tulipotoka kukuzika Taita, Mama alisema bastola irudishwe polisi, kwa kuwa cheti kilikuwa chako na wewe hupo tena. Akanipa ufunguo wa sanduku la chuma. Nikaitoa kama ulivyonifundisha, nikachomoa magazini ya risasi kwanza, nikahakikisha ndani hamna kitu. Kisha nikamulika mtutu kwa simu. Mtutu ulikuwa mweusi. Nikagusa mdomo wake kwa ncha ya kidole, kidole kikatoka cheusi. Righa akahesabu risasi. Moja haikuwepo.

Righa aliketi kitandani kwenu akasema kwa sauti ya chini, "Baba alimpiga nani?"

Hata mimi nilikuwa nawaza lile lile.

Baadaye akaniambia niisafishe. "Wewe ndiye unayejua. Ifanye ing'ae, tuirudishe, basi. Fanya kama Baba alivyokuwa akifanya." Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu hakukosea. Ungekuwepo ungenitaka niisafishe saa ile ile. Na kitambaa nilikuwa nacho mkononi. Lakini nilijua pia nikishafuta yale masizi, hakuna atakayejua tena ulifanya nini, hata sisi wenyewe.

Usimkasirikie Righa. Alikuwa akiogopa. "Tumemzika vizuri," alisema. "Watu wamemsema vizuri. Kwa nini tusiache hapo?"

Mama ndiye aliyekata maneno. Alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani. Akasema, "Jioni ile ya mwisho baba yenu hakutulia. Alikwenda chumbani akafungua sanduku, akalifunga. Akarudi akakaa. Akaenda tena. Nikamuuliza unatafuta nini, akasema hakuna kitu. Nilidhani hajisikii vizuri. Angetaka kuisafisha angeisafisha. Kuna jambo lililomzuia." Kisha akaninyang'anya kile kitambaa.

Unajua asubuhi yake ilivyokuwa. Ulianguka ukifunga vifungo vya shati, lile jeupe la kanisani, na haikuwa Jumapili. Wakati wote wa matanga tulikuwa tukiulizana ulikuwa unakwenda wapi.

Tulikwenda kituoni mimi na Righa, bastola ikiwa ndani ya mkoba wangu. Mezani palikuwa na afisa wa makamo, mtu wa bara kwa lafudhi yake. Alisoma jina kwenye cheti akasimama.

"Poleni sana," akasema. "Huyu mzee nilikuwa namngojea asubuhi ile. Nilipopata habari nikaona niwaache mzike kwanza."

Ndipo akatueleza. Kwamba siku moja kabla hujafariki ulifika kwake mwenyewe, hukuitwa na mtu. Kwamba ulikuwa umepiga risasi moja hewani kule Miritini, watu walipotaka kumchoma dereva wa lori. Ulipita nyumbani kwanza ukaifungia bastola, kisha ukaja kuripoti. Yeye akakwambia uilete kesho yake pamoja na cheti, na usiisafishe, waikague kama ilivyo.

"Akaniuliza, hata kuifuta kidogo?" afisa akasema. "Nikamwambia hata kidogo. Akasikitika huyo mzee, kama mtu aliyenyimwa maji."

Righa alicheka, Baba. Alicheka hasa. Halafu akainamisha kichwa kwenye meza ya polisi akalia, na hakuwa amelia tangu uondoke, hata kaburini. Afisa alijifanya anatafuta kalamu.

Tulipomaliza kutia sahihi nikashindwa kuondoka. Nikamuuliza, "Afande, sasa itasafishwa lini?"

"Ikaguliwe kwanza, dada."

"Ikishakaguliwa?"

"Itasafishwa."

"Siku hiyo hiyo?"

Alinitazama kidogo. "Siku hiyo hiyo," akasema. Nikamwambia na kesho yake iangaliwe tena. Akasema sawa. Sijui kama alitimiza, lakini nilisema.

Jumatano iliyofuata yule dereva akaja nyumbani. Anaitwa Musyoka, mtu mzima mwenye watoto watatu, anabeba makontena kwenda Nairobi. Alikuwa amelitafuta duka lako, Righa akamleta. Akakaa kwenye kiti chako bila kujua ni chako. Nilimtazama Mama. Mama akammiminia chai.

Alitusimulia taratibu. Bodaboda ilimwingia ubavuni mwa trela, mwenye kuiendesha akavunjika mguu. Watu wakajaa, wakamvuta Musyoka kutoka kwenye lori, wakampiga. Mtu mmoja akaita petroli. Wewe ulikuwa umekwenda kuonana na mteja wa matairi. Ukaingia katikati yao ukawaambia wamwache, wakakusukuma ukaanguka. Ukaamka. Hapo ndipo ulipoelekeza bastola juu.

Waliporudi nyuma, alisema, hukuwatukana wala hukuwatishia. Ulitafuta tuktuk ya kumpeleka majeruhi hospitali, kisha ukasimama karibu na Musyoka mpaka madereva wenzake walipokuja kumpeleka kituoni. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimetoka. Ukakiokota ukampa. "Vaa, baba," ulimwambia. "Hawatakuchoma leo." Yule wa bodaboda anaendelea kupona, na Musyoka humpitia kila anapopakia Mombasa.

Alipotaka kuondoka aliomba picha yako. Akasema siku ile hakukuona vizuri, damu ilikuwa imemwingia machoni. Mama akamletea ile picha ya mazishi. Aliishika kwa mikono miwili akaitazama muda mrefu, mpaka chai yake ikapoa.

Nina neno moja nataka kukwambia, nalo si lawama sana. Ungemwambia Mama. Najua ulichelea presha yake ipande, ukataka umalizane na polisi kwanza, ndipo usimulie ikiwa imekwisha. Lakini uliubeba mzigo ule usiku kucha peke yako, na asubuhi moyo wako ukachoka. Mama hajasema hivyo. Ila kuna siku namkuta amesimama mbele ya lile sanduku tupu, nami narudi jikoni polepole.

Anaendelea vizuri, usiwe na wasiwasi. Siku zangu za mapumziko nalala hapa. Righa ameshika duka, na wateja wako wengi wamebaki. Kasoro yake ni kwamba kila mtu anayekuja kununua tairi anamsimulia habari ya Miritini. Juzi nimemsikia, risasi zimekuwa tatu, na watu wamefika mia.

Kwa hiyo Mama ameamua kwamba kwenye ibada ya shukrani ya kukukumbuka nitasimama kusema mimi. Naogopa kusema mbele za watu, wewe unajua. Lakini nakuahidi nitaisema kama ilivyotokea. Risasi moja, hewani. Nitasema ulisukumwa ukaanguka chini, ukaamka. Sitakuongezea kitu.

Musyoka ameahidi kuja na mkewe na watoto. Nitawapokea mlangoni mimi mwenyewe, na nitawakalisha mbele, upande wa familia.

Pumzika, Baba.

Binti yako,
Wakesho